Usukani wa gari: ulikotoka, na mafuta yake unavyoyakagua

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa Lipingo, mara nyingi tunazungumza habari za mbegu na mbolea. Leo tuzungumze habari za gari linalobeba mzigo wako, maana dagaa na mihogo havina faida mpaka vifike sokoni.

Ziwa letu liko kama meta 474 juu ya usawa wa bahari, na Mbinga iko juu zaidi ya meta 1,000. Kwa hiyo kila safari ni kupanda au kushuka Milima ya Matengo, kona baada ya kona. Waulize madereva wa zamani walioendesha Land Rover za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948. Usukani wake ulitegemea nguvu za mikono peke yake. Jioni dereva anashuka mabega yamekufa ganzi.

Msaada ulianzia kwenye meli. Miaka ya 1860, meli kubwa ya Great Eastern ilifungwa mashine ya mvuke ya kugeuza usukani. Kwenye magari, Mmarekani Francis Davis, mhandisi wa kiwanda cha Pierce-Arrow, aliona jinsi malori yalivyowatesa madereva. Mwaka 1926 alionyesha gari ambalo usukani wake ulisaidiwa na mafuta yanayosukumwa na pampu. Viwanda viliona ni gharama, vikasita. Ilipofika Vita Kuu ya Pili, magari mazito ya jeshi yaliuhitaji. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikauza gari dogo la kwanza lenye usukani huo.

Mpaka leo kazi ni ileile: injini inazungusha pampu kwa mkanda, pampu inasukuma mafuta, mafuta yanasaidia kugeuza magurudumu. Mafuta yakipungua, pampu inalia na usukani unakuwa mzito ghafla. Fikiria hilo likitokea kwenye kona ya mteremko, gari limejaa magunia.

Fanya hivi kabla ya safari:

1. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini.
2. Tafuta kopo la mafuta ya stelingi. Futa vumbi kwanza ndipo ufungue kifuniko.
3. Soma alama. MIN ni chini, MAX ni juu. Ikiwa kuna COLD na HOT, injini ya baridi soma COLD.
4. Yakiwa chini, ongeza kidogo kidogo aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Usipite MAX.
5. Washa injini, zungusha usukani taratibu kushoto na kulia, zima, kagua tena.

Usiweke kamwe mafuta ya breki, yanaharibu sili. Mafuta yakiwa meusi na yananuka kuungua, mwone fundi. Na kumbuka: mafuta haya hayaliwi kama dizeli. Yakipungua tena baada ya wiki, yanavuja. Kuongeza tu ni kujidanganya. Tafuta paipu au sili inayovuja.

Magari mengine ya sasa yanatumia mota ya umeme, njia iliyoanza Japani na Suzuki Cervo mwaka 1988. Hayo hayana kopo, usihangaike kulitafuta.

Ukikodi gari la mtu kubeba mavuno, usione haya: mwombe dereva afungue boneti, muangalie pamoja.