Digrii Haikuwazuia Kuvuta

Wasee wengi husema fegi ni ya mtu ambaye hakusoma. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka nikasoma historia ya Uingereza.

Mwaka 1948, karibu wanaume 8 kati ya 10 huko walikuwa wanavuta tumbaku. Wakili anavuta, mchimba makaa anavuta, daktari pia anavuta. Marekani nako, tangazo la Camel la 1946 lilijigamba kwamba madaktari wengi wanapenda sigara hiyo. Yaani elimu haikuwa kinga hata kidogo.

Halafu 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wakachapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa daktari na alikuwa mvutaji. Aliona ushahidi, akaacha. Mwaka uliofuata wakaanza kufuatilia madaktari, wanaume zaidi ya 34,000, kwa miaka 50. Matokeo? Walioendelea kuvuta walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wale ambao hawakuwahi kuvuta.

Sasa hapa ndipo mambo yaligeuka. Madaktari waliacha mapema, wengine waliosoma wakafuata, na wenye kazi ngumu na mshahara mdogo wakabaki nyuma. Kwa wazee waliokua kabla ya habari hizo, shule haikuleta tofauti kubwa. Kwa vijana waliokuja baadaye, pengo likawa wazi: kadiri mtu alivyosoma kidogo, ndivyo uwezekano wa kuvuta ulivyokuwa mkubwa.

Kwa hivyo ukicheka makanga anayevuta stejini, jiulize nani alimfikishia habari, na nani angemsaidia kuacha. Cheti hakilindi mapafu ya mtu. Kilichosaidia ni kujua mapema na kuzungukwa na watu wanaoacha.

Na sisi wa chuo tusijidanganye. Kenya ilipiga marufuku shisha 2017, lakini marafiki zangu wenye digrii bado wanaitafuta, na wengine wamehamia sigara za umeme wakisema hizo ni safi. Mbona hiyo ni kama stori ya 1946?

Habari njema ni hii: utafiti huo huo ulionyesha kwamba aliyeacha sigara akiwa na miaka 30 aliepuka karibu hasara yote. Wengi wetu bado hatujafika huko. Muda tunao, tuutumie.