Diski na Akaunti: Historia ya Gemu Ikitazamwa Kutoka Busiu

Tarehe 30 Septemba 2021, kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo wa kandanda uitwao eFootball 2022 na kulizika jina la Pro Evolution Soccer, yaani PES, lililokuwapo tangu mwaka 2001. Mapokezi yalikuwa ya aibu. Nyuso za wachezaji zilionekana zimepinda, timu zilizokuwamo zilikuwa 9 tu, na katika duka la Steam mchezo huo ukawa miongoni mwa michezo iliyowahi kupewa maoni mabaya zaidi. Konami iliomba radhi upesi, na toleo lililorekebishwa likatoka Aprili 2022. Kwa wahakiki wengi habari iliishia hapo: mchezo mbovu, radhi, marekebisho.

Mimi naona nyuso zilikuwa kasoro ndogo. Badiliko kubwa ni kwamba mchezo uliokuwa ukiuzwa kama kitu cha kushika mkononi uligeuzwa kuwa huduma ya mtandaoni. Kuupakua kulikuwa bure, lakini ulipimwa kwa gigabaiti nyingi, ulitaka masasisho kila mara, na mpinzani wako alitafutwa kupitia seva. Master League, sehemu ambayo mtu huongoza timu yake msimu baada ya msimu bila kumhitaji mtu mwingine, haikuwamo. Miezi mitatu kabla, Julai 2021, serikali ya Uganda ilikuwa imeiondoa kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu Julai 2018, na badala yake ikaweka kodi ya asilimia 12 juu ya data. Kwa hiyo neno "bure" lilifika kwetu likiwa tayari lina bei. Sikumbuki kusoma uhakiki wowote wa eFootball uliotaja gharama ya data.

Ili kuelewa kilichopotea, inafaa kurudi kwenye PlayStation 2. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na zilizouzwa duniani zilizidi milioni 150. Vitabu vinavyosimulia historia ya gemu huifungia ukurasa mapema: mashine mpya ya PlayStation 3 ilitoka mwaka 2006, na Sony ikaacha kuitengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013. Ukiifuata kalenda hiyo, Busiu haimo kabisa. Busiu ni kituo cha biashara kwenye barabara ya Mbale kwenda Tororo, na hapo PlayStation 2 ilianza kuwa mashine ya watu wakati Ulaya walikuwa wanaiweka darini. Nilipoanza kushika padi, PES 6 ya mwaka 2006 ilikuwa tayari mzee, na hakuna aliyeiita ya zamani. Iliitwa gemu, basi.

Kibanda cha gemu kina uchumi wake. Runinga moja au mbili, mashine zilizopitia mikono mingi, benchi, na ukutani karatasi yenye bei. Unalipa kwa mechi, na mara nyingi aliyefungwa ndiye anayelipa. Mambo ambayo wahakiki waliyahesabu kuwa udhaifu wa PES hayakutusumbua. Walilalamika kwamba Konami haikuwa na haki ya kutumia majina ya klabu nyingi za Uingereza, ndiyo maana Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea ikaitwa London FC. Kibandani mtu mwenye subira alikaa na padi, akayaandika majina halisi herufi kwa herufi, akahifadhi kwenye memori kadi, na kazi ikaisha. Kilichobishaniwa kilikuwa kingine: kila aliyecheza PES 6 anamkumbuka Adriano wa Inter, ambaye shuti lake la mguu wa kushoto halikuwa na dawa. Kumchagua kulionekana ni uoga. Uhakiki wa namna hiyo, wa watu waliocheza mchezo mmoja kwa miaka kumi, haukuandikwa popote, ingawa nadhani una uzito kuliko alama aliyoitoa mtu baada ya kucheza kwa wiki moja kabla mchezo haujaingia dukani.

Halafu kuna umeme. Mwaka 2006 maji ya Ziwa Viktoria yalipungua, mabwawa ya Jinja yakazalisha nguvu kidogo, na mgao wa umeme ukaumiza nchi nzima. Nafuu ilikuja na bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lililozinduliwa Oktoba 2012. Mashine ya diski iliweza kuishi katika mazingira hayo. Umeme ukikatika unaikosa mechi moja. Ukirudi unaweka diski, memori kadi ya megabaiti 8 inakukumbuka, mnaendelea. Haikumuuliza mtu nenosiri, wala haikutaka kujua anaishi nchi gani.

Hapa kuna pingamizi ambalo ni la haki. Diski nyingi za vibanda vyetu zilikuwa za kunakiliwa. Mtu anaweza kusema: hamkununua, sasa mnalalamikia nini? Nakubali kwamba Konami haikupata shilingi yetu. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba mlango wa kulipa ulikuwa wazi nasi tukaukwepa, na tukio la mwaka 2024 linaonyesha vingine.

Februari 2024 Sony ilitoa Helldivers 2, mchezo wa studio ya Arrowhead ya Sweden, na kuuza nakala za kompyuta kupitia Steam. Watu wa nchi nyingi walilipa pesa zao halali. Mwanzoni mwa Mei Sony ikatangaza kwamba kila mchezaji wa Steam atalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation Network. Tatizo ni kwamba akaunti hiyo haitolewi rasmi kila mahali. Barani Afrika ilikuwapo Afrika Kusini peke yake. Muoman wa Maskati aliweza kuifungua; Mganda, Mkenya na Mtanzania hawakuweza bila kudanganya wanakoishi. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi 177. Wachezaji wakajibu kwa silaha waliyokuwa nayo, maoni: ndani ya siku chache maoni mabaya zaidi ya 200,000 yaliandikwa Steam, na Sony ikafuta uamuzi wake.

Tukio hili husimuliwa kama ushindi wa wachezaji, na kwa sehemu ni kweli. Lakini Steam humruhusu kuandika maoni yule tu mwenye mchezo katika akaunti yake. Aliyekuwa Mbale akijiandaa kuununua siku ile mchezo ulipoondolewa hakuwa na pa kuandikia neno. Sauti zilizoishinda Sony zilikuwa za watu waliokwisha kuingia ndani. Na uamuzi ulipofutwa, mchezo haukurudishwa mara moja katika nchi zilizofungiwa. Tarehe 16 Mei, siku kumi hivi baadaye, Sony ilitoa Ghost of Tsushima kwa kompyuta, nao haukuuzwa katika nchi hizo hizo, ingawa hadithi yake kuu huchezwa na mtu mmoja bila akaunti yoyote. Gazeti la kesho yake halikuwa na kelele tena.

Kwa mwanafunzi wa historia jambo hili lina upande mwingine, nao ndio unaonikera zaidi. Tukiandika historia ya gemu kwa kutumia maoni ya Steam, alama za majarida na hesabu za mauzo, tutakuwa tumeandika historia ya walioruhusiwa kulipa. Kibanda hakimo katika hesabu ya mauzo kwa sababu diski zilinakiliwa, na sasa hakimo katika maoni kwa sababu akaunti hazitolewi. Ushahidi wake ni wa aina nyingine na unaharibika: diski zilizokwaruzwa, daftari la mwenye kibanda lenye majina na madeni, wazee wa miaka thelathini wanaokumbuka nani alimfunga nani.

Na memori kadi. Ndani yake kuna ligi ambazo hazikumalizika na vikosi vilivyopangwa upya na watoto ambao sasa ni waendesha boda na walimu. Bado ziko kwenye masanduku hapa na pale kati ya Mbale na Jinja, na kuzisoma kunahitaji mashine ambayo haijatengenezwa tena tangu mwaka 2013.