Majina Yaliyobaki na Majina Yaliyopotea



Kamati ya Jubilei ilipotupa ukurasa wa historia, tulidhani ni kazi nyepesi. Tungeandika mwaka tulioanza, walimu wa kwaya waliotutangulia, mashindano tuliyoshinda na yale tuliyoshindwa, kisha tumalize kwa shukrani. Hayo yote mtayasoma katika kurasa zinazofuata. Lakini siku ya kikao, mzee wetu mmoja wa sauti ya besi aliuliza swali lililotunyamazisha: "Kabla sisi hatujaimba hapa, hapa palikuwa nini?"

Wengi wetu tumezaliwa Soweto West au tumelelewa hapa. Tunajua mahali maji yanapopatikana mfereji ukikauka, tunajua saa ya garimoshi kupita, tunajua kila kichochoro cha kukatia kwenda Makina. Swali la mzee hatukuweza kulijibu. Tukaenda kuuliza na kusoma, na tuliyoyapata tunawaletea leo, maana yanahusu jubilei hii kuliko tulivyotarajia.

Kibra, msitu wa askari

Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu. Waliolileta ni askari. Wazee wao walikuwa wanajeshi wa Sudan waliohudumu chini ya Emin Pasha, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akawachukua kuwa askari wa Waingereza. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao na kuunda King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walizoea kuliita Keya. Wanubi walikuwa miongoni mwa askari wake wa kwanza kabisa.

Askari hao na jamaa zao walipewa ruhusa ya kuishi katika msitu huu. Mwaka 1918 eneo hili lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari zaidi ya 4,000. Hawakupewa hati ya kumiliki. Walipewa kibali tu, na kibali huweza kuondolewa. Mwaka 1928 ardhi ikatoka mikononi mwa jeshi na kuwekwa chini ya utawala wa kiraia, na tangu hapo wenyeji waliishi kwa wasiwasi wa kuhamishwa.

Alama za jeshi bado ziko midomoni mwetu. Tunaposema Kambi Muru na Kambi Aluru, tunataja kambi za askari na watu wao, Wamoru na Waaluru, waliotoka mbali kuja kuvaa sare. Jirani zetu wa Lindi wanaishi katika kijiji chenye jina moja na bandari ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Kutoka bandari hiyo, mwaka 1917, askari wa Keya walisonga bara hadi Mahiwa. Mwezi Oktoba wao na wenzao wa Nigeria walipigana huko siku nne na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, na maelfu wakauawa au kujeruhiwa.

Watu wa Kariakoo

Huenda msomaji akasema: hiyo ni historia ya Wanubi, sisi wa kutoka Nyanza, Magharibi na Ukambani inatuhusu nini? Nasi tulisema hivyo hivyo. Kisha dada mmoja wa sauti ya pili akatusimulia habari ya nyumbani kwao.

Kaka ya baba wa babu yake alichukuliwa na chifu wakati wa vita vya kwanza. Walisema amekwenda Kariakoo. Hakurudi. Hapakuja barua, hapakuja mwili, hapakuja pesa. Watu wa nyumbani walingoja misimu kadhaa ya mavuno, kisha jina lake likapewa mtoto mchanga ili lisipotee bomani. Mtoto huyo ndiye babu wa dada yetu. Dada amelisikia jina hilo maisha yake yote, wala hakujua Kariakoo ni nini. Alidhani ni mji.

Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kwa matamshi ya wazee wetu. Kambi yao hapa Nairobi ndiyo iliyouachia mtaa wa Kariokor jina lake, na ile ya Dar es Salaam ikaliachia jina soko la Kariakoo. Kila siku watu hununua vyondo na kula nyama choma Kariokor, na wachache hukumbuka kwamba palikuwa mahali pa kuhesabia watu waliokuwa wakienda kubeba mizigo vitani.

Vita hivyo vilianza Agosti 1914. Katika sehemu kubwa za Afrika Mashariki hapakuwa na barabara wala reli, na mbung'o waliua farasi, ng'ombe na punda. Basi kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilibebwa kichwani mwa mtu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 25. Mwaka 1917 serikali ilifanya msako mkubwa wa wanaume chini ya John Ainsworth, aliyekuwa ametawala Nyanza miaka mingi. Kutoka nchi yetu pekee walichukuliwa zaidi ya 150,000. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika vita hivyo, kwa upande wa Waingereza peke yake, zaidi ya wapagazi 95,000 walikufa.

Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, njaa, na unga uliopikwa nusunusu kwa kukosa kuni na muda. Jambo moja lilitugusa sana kama watu wa kanisa. Mwaka 1917 Daktari John Arthur wa misheni ya Thogoto, huko Kikuyu, mbele ya Kawangware na Dagoretti, alikusanya kikosi cha watu wa misheni, wapatao 2,000. Walikwenda pamoja, wakasimamiwa na watu waliowajua, wakaangaliwa chakula na afya zao, wakasali pamoja. Kazi yao ilikuwa ile ile ya kubeba, lakini waliokufa kati yao walikuwa wachache kuliko katika vikosi vingine vya wapagazi. Maana yake ni kwamba wengi waliokufa wangeweza kupona. Walikosa mtu wa kuwaangalia.

Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, na huku kwetu von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa ilibaki serikalini kwa sababu jamaa zao hawakupatikana. Baadhi ya maofisa waliokuwa wamewasimamia waliomba pesa hizo zirudi kwa wananchi. Ombi lao lilikataliwa.

Jumamosi ya Ngong Road

Baada ya kusikia hayo, Jumamosi moja tulikwenda kwa miguu na kwa matatu hadi makaburi ya vita yaliyo Ngong Road, njia ya kwenda Karen. Tumepita pale mara nyingi tukienda kuimba arusi na mazishi, na hatukuwahi kuingia.

Makaburi yale ni ya vita vya pili. Mawe yamepangwa safu kwa safu, na nyasi zimekatwa vizuri. Karibu kila jiwe lina jina na kikosi. Tulisoma majina ya Waingereza, kisha tukaanza kukuta majina ya kwetu, majina ambayo unaweza kuyasikia yakiitwa darasani hapa Soweto asubuhi. Pale pia pana ukumbusho wa wale wasio na kaburi, wakiwemo waliozama na meli Khedive Ismail. Meli hiyo ilitoka Mombasa ikapigwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa kutoka Afrika Mashariki.

Dada yetu alitembea safu zote. Alijua vita ni vingine, lakini alitembea tu, akisoma. Mwishowe akasema, "Hata hawa waliozama baharini wana jina."

Tulipotoka pale tulishuka hadi mjini, kwenye sanamu za askari za Kenyatta Avenue. Watu wa shaba ni watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yakiwasifu askari na wapagazi wote kwa jumla. Hakuna jina hata moja la mtu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kosa hilo. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Jubilei ni nini

Tumezoea kusema jubilei tukimaanisha keki, sare mpya na wageni wa heshima. Katika kitabu cha Walawi, mlango wa 25, jubilei ni mwaka wa kupiga baragumu, wa kuwaacha huru waliofungwa, na wa kila mtu kurudi katika ardhi ya jamaa yake.

Majirani zetu Wanubi walingoja ardhi hii kwa vizazi. Walipigana vita viwili vikuu chini ya bendera ya Uingereza, na hata baada ya uhuru watoto wao walihangaishwa kupata vitambulisho, hadi jambo hilo likafikishwa mbele ya kamati ya haki za watoto ya Afrika, iliyoamua kwa upande wao mwaka 2011. Mwaka 2017 walipewa hati ya ekari 288. Hiyo ni sehemu ndogo ya zile ekari zaidi ya 4,000. Sisi tuliobaki tumejenga juu ya nyingine, wengi wetu tukilipa kodi ya nyumba, na kanisa letu la mabati liko humo humo. Hatukuja kumnyang'anya mtu. Tulikuja kutafuta kazi, kama babu zetu walivyokuja. Lakini si vyema kuimba miaka 25 katika boma la watu bila kuwajua waliofyeka msitu wake.

Kwa hiyo kamati imekubaliana mambo mawili. La kwanza, wazee wa Makina wamealikwa katika sherehe hii, nao wamekubali kuja. Tunaomba mwapishe viti vya mbele na msalimiane nao.

La pili, baada ya wimbo wa tatu, katibu atasoma majina ya wanakwaya wenzetu waliolala katika miaka hii 25. Daftari letu la mahudhurio limewahifadhi wote, hata yule aliyeimba nasi miezi miwili tu. Baada yao atasoma jina la yule kijana aliyekwenda Kariakoo. Litasomwa kwa sauti kanisani, na kwaya itasimama.

Ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki tumeuacha mtupu makusudi. Ikiwa nyumbani kwenu kuna jina la mtu aliyekwenda vitani, awe wa Keya au wa Kariakoo, ulizeni wazee kabla hawajaondoka, mliandike hapo, mtuletee. Tutaliingiza daftarini.



Katibu, kwa niaba ya Kwaya