Kuunganisha Palm III na modemu ya simu

Palm III, kompyuta ya mkononi iliyotoka Marekani mwaka 1998, huweza kupiga simu ya intaneti kwa njia mbili. Moja ni modemu ndogo inayochomekwa chini yake. Ni nyepesi, ila yataka betri zake.

Nyingine, ambayo mimi naipendelea, ni modemu ya kawaida ya mezani. Hapa ndipo wengi hukwama. Waya wa Palm ulitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, si modemu. Ukiuchomeka hivyo hivyo, pande zote mbili hutuma kwenye waya mmoja na hakuna anayepokea. Tafuta kiunganishi kinachopishanisha waya wa kutuma na wa kupokea, chenye pini 9 upande mmoja na 25 upande wa modemu. Msomaji, jaribu hicho kabla hujaitupa modemu nzima ukidhani imekufa.