Kuta Zilitangulia, Mgawo Ukachelewa

Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa MIT, Marekani, walionyesha CTSS, mfumo uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa zamu fupifupi. Tangu hapo swali la nani apate kiasi gani cha mashine halijaisha.

Mwaka 1983 Unix ya 4.2BSD ilileta mgawo wa diski, kazi ya Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, na pia ilikuwa na vikomo vya kumbukumbu. Vikomo hivyo vilipima mchakato mmoja mmoja, na hapo ndipo penye tatizo. Mteja aliyeruhusiwa megabaiti 8 kwa kila mchakato angeweza kuanzisha michakato 40 na kula megabaiti 320 bila kuvunja sheria yoyote.

Wavuti uliufanya upungufu huo uumize. Awali kila tovuti ilihitaji anwani yake ya IP. Januari 1997, kanuni za wavuti za HTTP 1.1 zilikilazimu kivinjari kutaja tovuti kinayoitaka kwa mstari mmoja mfupi, mfano "Host: www.mfano.co.tz". Anwani moja sasa ingeweza kubeba mamia ya tovuti, na wapangaji wakasongamana. Seva ya wavuti Apache 1.3, kama msimamizi hakubadilisha chochote, haikuhudumia maombi zaidi ya 256 kwa pamoja, na hesabu hiyo ilikuwa ya seva nzima. Tovuti moja ikipata umaarufu wa ghafla, wageni wake walijaza nafasi zote; aliyetaka kufungua tovuti ya jirani, isiyo na mgeni hata mmoja, alikaa foleni.

Mwaka 2000 FreeBSD 4.0, mfumo wa jamii ya Unix, ilikuja na "jail" ya Poul-Henning Kamp, yaani kuta za kumtenga kila mteja. Mteja hakuweza tena kuona faili wala michakato ya mwenzake. Kumaliza kumbukumbu ya wote, aliweza bado! Vikomo vya jail nzima vilisubiri FreeBSD 9.0, mwaka 2012. Miaka 12 ni mingi mno: siri ya mteja ililindwa mapema, lakini fungu lake la mashine likaachwa wazi, na walioumia ni wenye tovuti ndogo.

Upande wa Linux, Paul Menage na Rohit Seth wa Google walianza mwaka 2006 kazi iliyozaa cgroups, iliyoingia Linux 2.6.24 Januari 2008. Kwa msingi huo, michakato yote 40 ya mteja iliweza kujumlishwa kuwa hesabu moja. CloudLinux, mfumo uliotolewa 2010, ulilipeleka wazo hilohilo kwa wauza nafasi za tovuti: akaunti inayozidisha matumizi ya prosesa hupunguziwa mwendo peke yake, na ikizidisha maombi, wageni wake huonyeshwa hitilafu 508, huku tovuti za majirani zikifunguka kama kawaida.