Mteremko ni Ule Ule

Tulifika Rironi saa mbili asubuhi tukivuta nyumba. Si mafumbo. Nyuma ya pikapu ya anko kulikuwa na karavani, nyumba ya magurudumu yenye kitanda, sinki na mapazia ya maua, iliyonunuliwa na mwenye kambi moja ya watalii kule Naivasha. Anko alikuwa amepewa kazi ya kuifikisha. Mimi nilipewa kazi ya kukaa kiti cha pembeni na kuangalia kioo. Nilikuwa nimesota vibaya, nimeacha chuo miezi minne iliyokuwa imepita, na mathe hakuwa amechoka kuniuliza narudi lini.

Pale Rironi njia hugawanyika. Ukikata kushoto unashuka ukuta wa Bonde la Ufa, kona baada ya kona, hadi Mai Mahiu. Ukienda mbele unabaki juu kwenye baridi, unapita Kimende na Soko Mjinga, kisha unateremka kidogo kidogo mpaka Naivasha. Mimi nilitaka kushoto.

"Anko, tukate hapa. Tutaona lile kanisa la Waitaliano."

"Kwani hii nyumba imekuambia inataka kuona kanisa?"

Hakupunguza hata mwendo. "Gari likiwa peke yake linaenda popote," akasema. "Leo kuna mzigo. Uliza mzigo unataka kupita wapi."

Nilinyamaza, lakini moyoni nikasema mzee ameogopa. Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma historia ya ule ukuta, nia yangu ikiwa moja tu: kuthibitisha kwamba wanaume wa kweli hupita kushoto. Nilichokuta ni kinyume. Historia ya ule ukuta ni historia ya watu wanaotafuta namna ya kutoushuka moja kwa moja.

Anza na neno lenyewe. Kabla karavani haijawa nyumba ya kuvutwa, lilikuwa neno la Wazungu kwa kile sisi tunachokiita msafara: wapagazi kwa mamia, pembe za ndovu begani, vitambaa na shanga kichwani, kutoka pwani kwenda bara na kurudi. Msafara wa miguu haukuogopa mlima sana. Mpagazi hupita panapopita mbuzi. Akichoka anatua mzigo, na mzigo ukitua unatulia. Gurudumu halina tabia hiyo. Ukiliacha kwenye mteremko, linaondoka bila wewe.

Hii nilifundishwa darasani kabla sijatoka, na ni hesabu ya shule ya upili. Chukua karavani ya tani moja na nusu. Iweke kwenye mteremko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unazokwenda, unashuka mita 8. Karavani itakusukuma mgongoni kwa nguvu ya kilo 120 hivi, zaidi ya gunia zima la mahindi, na haitachoka. Breki zako ndizo zitakazochoka. Zinageuza ule msukumo kuwa joto, na joto likizidi, unakanyaga pedali na hakuna kinachotokea.

Wajenzi wa reli ya Uganda waliijua hesabu hii vizuri. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, ikapanda hadi Limuru, halafu ikafika ukingoni na kulitazama bonde. Treni ni mkokoteni mbaya kuliko yote: chuma juu ya chuma, kinateleza. Ili izungukezunguke ukutani hadi chini, ilihitaji madaraja na muda, na London ilitaka reli ifike ziwani haraka. Basi wakafanya kitu cha ajabu. Waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma, juu ya majukwaa maalum, kama ndoo kisimani. Vifaa vikashuka hivyo, kazi ikaendelea kule chini bondeni, na huku nyuma wengine wakaendelea kujenga ile njia ndefu yenye mwinuko mdogo. Njia hiyo ilipokuwa tayari mwaka 1901, kamba zikaachwa. Desemba mwaka huo huo reli ikafika Kisumu.

Yaani njia ya mkato ilikuwepo, na ilifanya kazi. Lakini hakuna aliyetaka kuishi nayo.

Hapa ndipo niliacha kumcheka anko. Nilikuwa nimezoea kudhani njia rahisi ni ya wavivu. Kumbe njia rahisi ndiyo ghali, ila gharama yake imelipwa na mtu mwingine kabla hujafika. Reli hiyo iliwaleta takriban wafanyakazi 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Simba wa Tsavo ndio waliopata umaarufu na sinema. Wale watu walipata mwinuko mdogo ambao wewe na mimi hata hatuuhisi tukiwa ndani ya behewa.

Kuna malipo ya aina nyingine pia. Mwaka 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini, kiongozi wao akiwa Jansen van Rensburg, walishuka meli Mombasa wakapanda treni hadi Nakuru. Kutoka hapo hakukuwa na reli ya kwenda Uasin Gishu. Wakafunga mikokoteni zaidi ya 40 kwa ng'ombe, wakaanza kupanda mwezi wa Agosti. Mlima ukizidi, desturi yao ilikuwa kuunganisha jozi za mikokoteni miwili zivute mmoja, kisha kurudi kuchukua ule wa pili. Wakishuka, walifunga gurudumu kwa mnyororo lisizunguke, liburutwe tu. Walikata njia kwenye mianzi na matope, wakafika Oktoba. Safari hiyo ya Nakuru hadi maeneo ya Eldoret leo matatu inaimaliza kwa saa tatu hivi.

Ukisoma wanavyosimuliwa, ni hadithi ya ushujaa: watu, ng'ombe na mlima. Lakini miaka mitatu kabla, Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alikuwa ameuawa kwa risasi alipokwenda kukutana na Waingereza, na Wanandi wakasukumwa mbali na ardhi yao na mbali na reli. Mikokoteni ilipopita, aliyepinga njia kwa zaidi ya miaka kumi hakuwepo tena. Hiyo nayo ni namna ya kulainisha barabara. Reli yenyewe ilifika Eldoret mwaka 1924, ikipitia Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari.

Halafu kuna lile kanisa langu. Barabara ya kushoto, ile niliyoitaka, ilijengwa na mateka wa vita wa Italia, waliokamatwa Waingereza walipoiangusha himaya yao ya Ethiopia na Somalia mwaka 1941. Waliichonga barabara ukutani, na mwaka 1942 wakajenga kanisa dogo chini yake, la kutosha watu wachache tu. Zamani niliona ni kitu cha kupiga picha. Sasa najiuliza mtu anaombea nini anapojenga kanisa chini ya mteremko ambao yeye mwenyewe ameukata. Labda mimi tu ndiye nafikiria breki kila saa.

Lakini mtu asifikiri nasema barabara pole ni salama. Waulize madereva kuhusu ule mteremko wa kutoka Mau Summit kwenda Salgaa. Hauna kona za kutisha. Ni mrefu, mpana, na unakubembeleza. Dereva wa trela anaona aokoe mafuta, anatoa gia, anapiga free, mzigo unajiendesha. Akija kushtuka, breki zimeshaungua. Januari 2009, pale Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya 100 wakafa. Siku ya mwisho ya 2017, watu 36 walikufa Migaa kwenye barabara hiyo hiyo, basi lilipogongana na lori.

Kwa sababu kimo unachoshuka ni kile kile. Ukipita kushoto au mbele, ukitoka Rironi kwenda Naivasha tofauti ya kimo ni ile ile. Njia ndefu inakupa muda wa kupoa. Usipoutumia, umezunguka bure.

Anko aliutumia. Baada ya Soko Mjinga aliingiza gia ya pili kabla hatujaanza kushuka, wala si baadaye. Matatu zikatupigia honi. Probox moja ikatupita dereva akitutukana kwa mkono mzima. Anko akakanyaga breki kidogo, akaachia, akakanyaga, akaachia. Mahali fulani karibu na Kinungi akasimama kando kabisa, akashuka, akashika ringi ya gurudumu la karavani, akaniita.

"Shika."

Ilikuwa moto wa kikombe cha chai.

"Chuo," akasema, bila kunitazama. "Ulikuwa unavuta nini?"

Nikataka kusema karo. Ilikuwa kweli, salio la karo lilikuwepo. Lakini pia nilikuwa nalipa kodi ya nyumba ambayo mathe aliishi na wadogo zangu wawili, nafanya kazi ya usiku, halafu naingia darasani asubuhi nikijifanya mwepesi kama wengine. Sikuwahi kuuambia mtu yeyote mzigo huo una kilo ngapi. Mwaka wa tatu breki ziliisha, na mimi mwenyewe nikaita hiyo kuacha.

Nilimwambia yote hayo, tukiwa tumesimama pale na malori yakitupita. Hakunipa ushauri. Alisubiri ringi ipoe, akaishika tena, tukaenda.

Jioni mathe alipiga simu. Nikajua swali linalokuja, nikajiandaa. Akauliza, "Mlipitia Mai Mahiu?"

"Hapana. Tulipita juu."

"Vizuri," akasema. "Umekula?"