Kaburi la Rosine

Katika darasa la Kipaimara tulifundishwa mwaka mmoja, 1844, na jina moja, Krapf. Tukaulizwa, tukajibu, tukapita. Hakuna aliyetuuliza Mama Krapf alikuwa nani. Nasi tulipokuja kuwa walimu wa darasa hilohilo, hatukuwauliza watoto. Tumeanza kumfikiria sasa, baada ya miaka mingi ya kuishi katika nyumba za usharika, tukihamishwa kutoka mji mdogo hadi mji mdogo, watoto wakibadilisha shule katikati ya mwaka.

Aliitwa Rosine Dietrich. Aliolewa na Johann Ludwig Krapf huko Misri mwaka 1842. Mumewe alizaliwa Derendingen, kijiji cha Ujerumani kilicho karibu na Tübingen. Alikuwa mmisionari wa chama cha CMS cha Uingereza, na alikwisha kufanya kazi Ethiopia kwa miaka kadhaa. Mwaka 1843, walipojaribu kurudi huko pamoja, Rosine alijifungua njiani, nyikani, kabla ya wakati. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, yaani chozi kwa lugha ya nchi ile, wakamzika palepale, wakashika njia tena.

Kila tunaposoma habari hiyo tunatua hapo. Mama aliyetoka kuzika mtoto alipanda tena mnyama wa safari.

Mlango wa Ethiopia ulipofungwa, walishuka pwani yetu. Januari 1844 walifika Unguja, na Sayyid Said akampa Krapf barua ya kuwaagiza maliwali wake wamtendee mema. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin. (Wanaosema Biblia yetu ni kazi ya wageni peke yao wamkumbuke kadhi huyo Mwislamu aliyeketi na mmisionari na kumchagulia maneno.)

Mwezi mmoja baadaye nyumba ilikuwa na homa na mtoto mchanga. Rosine alijifungua binti, na tarehe 13 Julai akafa. Siku chache baadaye binti naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Aliandika kwamba mkewe aliomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili Wanyika wanaopita waone kaburi na kukumbuka kilichowaleta. Akazikwa huko, upande wa Nyali.

Kisha Krapf akawaandikia wakuu wa chama barua ambayo sisi wachungaji tumeihubiri sana. Aliwaambia kwamba kaburi hilo la upweke ni alama kuwa vita na sehemu hii ya dunia vimeanza, na kwamba wakati wa kuileta Injili Afrika umekaribia. Sisi pia tumeitumia Siku ya Misioni, kisha tukapitisha kikapu cha sadaka. Sasa tunaona tuliitumia kwa wepesi mno. Maneno yale aliyasema mtu mwenye homa, aliyetoka kufiwa na mke na mtoto, na ambaye pengine asingeweza kusimama bila kuyasema. Alikuwa na haki nayo. Sisi tusiomzika mtu Nyali tunayachukua bila kulipa.

Lakini hatutaki pia kumfanya Rosine mzigo uliobebwa na mumewe. Alijua safari hizi zinadai nini, maana Eneba alikwisha kuzikwa, na bado alipanda chombo cha kuja pwani. Hilo la kuzikwa mahali pa kuonekana ni neno la mtu mwenye wito wake mwenyewe. Mwaka ule wa 1844 hapakuwa na hata mmoja aliyebatizwa. Palikuwa na kaburi lake.

Johannes Rebmann alifika mwaka 1846, wakaanza pamoja kazi ya Rabai. Mtu wa kwanza kubatizwa, mlemavu aitwaye Mringe, alibatizwa akiwa karibu kufa. Krapf aliondoka kwa sababu ya afya, lakini Rebmann alikaa miaka 29. Watu humkumbuka kwa siku moja, tarehe 11 Mei 1848, alipoiona theluji ya Kilimanjaro na wataalamu wa London wakamcheka. Sisi tunamkumbuka zaidi kwa nyumba yake. Mtoto wake wa pekee alikufa akiwa mchanga. Mkewe Emma alikufa mwaka 1866, naye akabaki peke yake na kamusi zake huku macho yakififia. Mwaka 1875 alirudishwa Ulaya akiwa kipofu. Aliyemshika mkono njiani alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Rabai. Mwaka uliofuata Rebmann alikufa huko Korntal, mji mdogo alikoishi pia mzee Krapf.

Barua ya uhamisho ilipotufikia safari hii, hatukuijibu usiku uleule kama zamani. Tuliisoma kwa sauti mezani, watoto wote wakiwapo. Binti yetu wa kidato cha pili alikuwa na la kusema, na alilisema kwa muda mrefu, chakula kikapoa.